Arafa zinazojituma: Funzo la Chulaimbo kwa wanaoachia tarakilishi kazi

TARAKILISHI inaweza kumkumbusha mgonjwa kumeza dawa bila muuguzi kushika simu. Hata hivyo, utafiti uliofanywa katika kituo cha afya cha Chulaimbo, magharibi mwa mji wa Kisumu, ulibainisha kuwa kukumbusha mara nyingi si lazima kuwe ndiko kukumbusha vyema.

Anayeishi na virusi vya Ukimwi hutakiwa kumeza dawa za kupunguza makali kila siku, maisha yake yote. Akiziruka mara kwa mara, virusi hupata mwanya wa kuwa sugu.

Matokeo ya utafiti huo yalichapishwa mwaka wa 2011 katika jarida la kimataifa liitwalo AIDS. Wagonjwa 431, wote watu wazima walioanza dawa karibuni, walifuatiliwa kwa wiki 48. Baadhi walipokea arafa kila siku, wengine mara moja kwa wiki, na kundi moja halikutumiwa ukumbusho wowote. Vifuniko vya kielektroniki vilinakili kila mara chupa ya dawa ilipofunguliwa.

Miongoni mwa waliokumbushwa kila wiki, asilimia 53 walizingatia angalau asilimia 90 ya dozi zao, ikilinganishwa na asilimia 40 ya wale ambao hawakukumbushwa. Arafa za kila siku hazikuleta nafuu hiyo. Hata maneno ya kutia moyo yaliyorefusha ujumbe hayakuongeza tija. Huenda kinachorudiwa kila siku huzoeleka, kisha hupuuzwa.

Mfumo wa kujiendesha huhitaji mambo manne. La kwanza ni orodha ya nambari za simu za waliokubali kutumiwa ujumbe, pamoja na lugha wanayoipendelea. La pili ni kanuni: nani atumiwe, siku gani na saa ngapi. La tatu ni kumbukumbu ya arafa zilizofika na zilizokwama. La nne, ambalo husahaulika sana, ni mtu atakayearifiwa mambo yanapokwenda kombo.

Kandokando ya Ziwa Victoria, hilo la nne lina uzito wa pekee. Mvuvi hufuata samaki kutoka ufuo mmoja hadi mwingine, pengine hadi kisiwa cha Mfangano. Laini ya simu hubadilishwa, na rununu moja huweza kutumiwa na jamaa kadhaa. Tarakilishi itanakili kwamba ujumbe umefika, ilhali aliyeusoma si mgonjwa. Ndiyo maana arafa haipaswi kutaja ugonjwa wala dawa. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 huweka habari za afya katika kundi la data nyeti.

Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka wa 2010 katika jarida la The Lancet, ulihusisha wagonjwa 538 wa Nairobi na Kajiado. Waliotumiwa arafa waliulizwa kila wiki, "Mambo?" Aliyejibu kuwa ana shida, au aliyenyamaza kwa siku mbili, alipigiwa simu na mhudumu wa afya. Asilimia 62 ya kundi hilo walisema walizingatia dawa, dhidi ya asilimia 50 ya wengine.

Kwa hivyo, kabla ya kliniki kununua mfumo wa arafa, swali la kuuliza si idadi ya jumbe utakazotuma kwa siku. Ni nani atakayempigia simu mgonjwa aliyenyamaza.