Siri ya namba ishirini za LUKU

Saa mbili usiku umeme unaisha. Unanunua kwa simu, ujumbe unaingia, kisha mmoja anasoma namba na mwingine anabonyeza kwa mwanga wa tochi ya simu: nne, halafu nne nyingine, mpaka zitimie ishirini. Mita inatulia kidogo, uniti zinaonekana, na nyumba nzima inawaka.

Mita imejuaje kwamba umelipa? Wengi wetu huamini kuwa imewasiliana na kompyuta za shirika la umeme, TANESCO. Lakini mita nyingi za LUKU, yaani za kulipia umeme kabla ya kuutumia, tulizo nazo majumbani hazina laini ya simu wala intaneti. Habari ya malipo yako haifiki kwenye mita kwa njia nyingine yoyote. Unaipeleka wewe mwenyewe, kwa vidole vyako.

Mfumo huu ulianzia Afrika Kusini miaka ya 1990, na leo unatumika katika nchi nyingi, Tanzania na Kenya zikiwemo. Ndani ya kila mita umehifadhiwa ufunguo wa siri. Unaponunua umeme, kompyuta huandika ujumbe mfupi wenye idadi ya uniti na dakika uliyonunua, huufunga kwa ufunguo wa mita yako, kisha huutoa kwa sura ya namba ishirini. Hiyo ndiyo tokeni. Ndiyo maana tokeni ya jirani haifanyi kazi kwako, na ukikosea namba moja tu mita inakataa: ujumbe haufunguki. Ukiirudia tokeni uliyokwisha kuitumia, mita inaikumbuka na kuikataa pia.

Dakika hiyo ya kununua ndiyo iliyotusumbua mwaka 2024. Mfumo ulikuwa ukihesabu dakika tangu Januari 1, 1993, na nafasi iliyotengwa kwa hesabu hiyo haikuweza kupita 16,777,216. Dakika hizo zilitimia Novemba 24, 2024. Mita ambayo haikuboreshwa kabla ya hapo isingeweza kupokea tokeni mpya.

Kwa sababu hiyo wateja walitumiwa namba 60, yaani mafungu matatu ya ishirini, badala ya 20, na wapo walioogopa wakidhani wanatapeliwa. Mafungu mawili ya mwanzo yalikuwa ya kubadilisha ufunguo wa mita. Fungu la tatu ndilo lililobeba umeme. Hesabu mpya inaanzia mwaka 2014, na itatufikisha mwaka 2045.

Ukishaujua utaratibu huu, mambo matatu yanakuwa wazi. Kwanza, hakiki namba ya mita kabla ya kulipa, kwa sababu tokeni iliyofungwa kwa ufunguo wa mita nyingine haitafunguka kwako hata uibonyeze mara mia. Pili, usiweke tokeni akiba kwenye simu. Iingize siku hiyo hiyo uliyoinunua, maana ufunguo ukibadilishwa, tokeni ya zamani haifai tena. Tatu, akitokea mtu mtaani anayekuuzia tokeni za bei ya chee alizotengeneza mwenyewe, kaa naye mbali. Bila ufunguo wa mita yako, anachokuuzia ni namba tupu, na pesa yako haitarudi.