Hali ya Down na Elimu ya Sanaa

Kila seli ya kawaida ya mwili wa binadamu ina kromosomu 46, zilizopangika katika jozi 23. Mbegu za uzazi zinapoumbwa, kila jozi hutengana ili mbegu moja ipate kromosomu 23 tu. Mara chache jozi ya 21 hukosa kutengana, na yai lenye ziada hiyo likirutubishwa, mtoto huwa na kromosomu 47. Hiyo ndiyo asili ya sehemu kubwa ya watu wenye hali iitwayo Down, kwa jina la tabibu Mwingereza John Langdon Down aliyeieleza mwaka 1866. Sababu yake haikujulikana hadi mwaka 1959, ilipotangazwa na Jérôme Lejeune, Marthe Gautier na Raymond Turpin wa Paris. Hukadiriwa kumpata mtoto mmoja katika kila 1,000 hivi wanaozaliwa duniani. Si laana, wala si adhabu ya kosa la mzazi, ingawa uwezekano wake huongezeka kadiri umri wa mama unavyozidi.

Mambo matatu ya hali hii yamhusu sana mwalimu. La kwanza ni ulegevu wa misuli na viungo, unaofanya kalamu nyembamba iwe ngumu kushikika. La pili ni kwamba kumbukumbu ya maneno yaliyosikiwa huwa dhaifu, ilhali ile ya mambo yaliyoonwa kwa kawaida ni imara zaidi. La tatu ni upungufu wa kusikia, ambao ni wa kawaida mno kwao na mara nyingi hautambuliwi. Kwa hiyo mtihani unaopimwa kwa masikio na ulimi huwapima watu hawa pale hasa walipo dhaifu.

Madhara ya upimaji wa namna hiyo yanaonekana wazi katika maisha ya Judith Scott, aliyezaliwa Ohio, Marekani, mwaka 1943. Alikuwa na pacha, Joyce, ambaye hakuwa na hali ya Down; walitokana na mayai mawili, na moja tu ndilo lililobeba ziada. Judith alikuwa kiziwi, na hakuna aliyejua. Aliulizwa maswali asiyoyasikia, akakaa kimya, nacho kimya chake kikaandikwa kuwa ni upungufu wa akili usioweza kufundishika. Alipotimu miaka saba alipelekwa katika makao ya serikali. Dada yake amesimulia kwamba huko hata kalamu za rangi alinyang'anywa. Aliishi katika makao ya namna hiyo kwa takriban miaka 35, mpaka Joyce alipopata haki ya kisheria ya kumlea na kumhamishia California katikati ya miaka ya 1980.

Mjini Oakland kulikuwa na kituo cha Creative Growth, kilichoanzishwa mwaka 1974 na mume na mke, Elias Katz na Florence Ludins-Katz, kwa ajili ya wasanii wenye ulemavu. Judith aliingia humo mwaka 1987. Alipewa rangi na karatasi, na kwa karibu miaka miwili hakuonyesha hamu. Walimu wengi wangekata shauri kwamba hana kipaji. Kisha msanii Sylvia Seventy akaja kituoni kufundisha kazi za nyuzi, na Judith akaokota uzi na kuanza kuzungusha. Alichukua vitu vya kawaida, kama kiti, gurudumu la baiskeli au kigari cha kubebea bidhaa dukani, akavifunga kwa nyuzi na vitambaa tabaka juu ya tabaka, hata umbo la ndani lisitambulike. Kazi moja ilimchukua majuma au miezi. Ameacha pia kazi aliyoifanya kwa kufungia mafundo karatasi za kujifutia mikono.

Kromosomu zake hazikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni kifaa alichopewa, na kwamba alionyeshwa kazi kwa macho, akaachiwa nafasi ya kuchagua. Ukili, udongo wa mfinyanzi na vitambaa vyaweza kufanya kazi hiyo hiyo katika darasa lolote. Brashi nayo ifungwe kitambaa mpini unenepe. Mwalimu atende hatua moja mbele ya mwanafunzi, kisha angoje. Kungoja ndiko kugumu zaidi.

Maonyesho ya kazi hizi yana shida zake. Kuwakusanyia watu wa namna hii sanaa si jambo jipya: Down mwenyewe alifungua ukumbi wa michezo ya kuigiza mwaka 1879 katika makao yake ya Normansfield, karibu na London. Lakini mtazamaji anaweza kuja kwa huruma, asiitazame kazi. Onyesho la kwanza la Judith peke yake lilifanywa mwaka 1999. Katika mwaka 2014 na 2015 Jumba la Makumbusho la Brooklyn lilimfanyia onyesho kubwa, ingawa alikwisha fariki mwaka 2005 akiwa na umri wa miaka 61. Hakusema wala kuandika, hivyo kazi zake huandikwa tu kwamba hazina jina. Wengine wamezieleza kuwa ni pacha wawili waliofungwa pamoja, au vifukofuko vya wadudu. Fasiri hizo ni za watazamaji. Yafaa kibandiko cha onyesho la shule nacho kitaje kwanza msanii, vifaa na mwaka. Habari za hali yake zije baadaye, na kwa ridhaa yake au ya jamaa zake.