Mchoraji wa Sura Aliyekuwa Mwalimu: Funzo kwa Somo la Uchoraji

Utangulizi

Mwandishi wa makala hii anakikumbuka vema kipindi chake cha kwanza cha uchoraji alipokuwa katika mazoezi ya kufundisha. Alichora ubaoni uso wa mtu: duara, nukta mbili za macho, mstari wa pua na mstari wa mdomo. Kisha akawaamuru watoto wa darasa la nne waunakili. Kipindi kilipokwisha alikusanya madaftari 45 yenye uso mmoja. Hakuna mtoto hata mmoja aliyekuwa amemtazama mtu. Wote walikuwa wametazama ubao. Tena ubao wenyewe ulikuwa na kosa, maana macho yalikuwa yamewekwa juu mno, karibu na utosi, na watoto walilinakili kosa hilo kwa uaminifu.

Kosa la namna hiyo ni la kawaida, nalo lina mzizi wake. Wengi wetu tunaamini kuwa kuchora ni kipaji cha wachache, hivyo aliyejaliwa atachora na asiyejaliwa aachwe anakili. Makala hii inakusudia kuonyesha kuwa imani hiyo si kweli. Kuchora ni kutazama, na kutazama kunafundishika. Mfano tutakaoutumia ni wa Aina Onabolu wa Nigeria, mchoraji wa sura za watu, ambaye katika maisha yake alichora, alifundisha na kuonyesha kazi zake hadharani.

Aina Onabolu alikuwa nani?

Onabolu alizaliwa mwaka 1882 huko Ijebu-Ode, katika nchi ya Wayoruba. Hakupata mwalimu wa uchoraji utotoni, kwa sababu shule za wakati ule hazikuwa na somo hilo. Alijifunza mwenyewe kwa kunakili picha zilizochapishwa katika vitabu na magazeti ya Kizungu. Alipokuwa karani wa serikali mjini Lagos, aliendelea kuchora nje ya saa za kazi. Mwaka 1906, kabla hajakanyaga chuo chochote cha sanaa, alichora kwa rangi za maji picha ya Bibi Spencer Savage, mmoja wa watu mashuhuri wa mji huo.

Hapana budi tuelewe uzito wa jambo hilo. Wakati ule walikuwapo Wazungu walioshikilia kuwa Mwafrika hana uwezo wa kumchora mtu akafanana na alivyo. Kwa hiyo kila sura iliyotoka mkononi mwa Onabolu, na watu wa Lagos wakaitambua kuwa ni ya fulani, ilikuwa jibu kwa dharau hiyo. Hakubishana kwa maneno matupu, alileta ushahidi.

Mwaka 1920 aliziweka picha zake katika maonyesho mjini Lagos, na mwaka huohuo akatoa kijitabu kuhusu sanaa. Kisha, akiwa na umri wa miaka 38, alikwenda London kusoma katika chuo cha sanaa cha St John's Wood. Pia alipata mafunzo mjini Paris. Mwaka 1922 alirejea nyumbani akiwa amehitimu uchoraji na ualimu wake. Mwaka huo ndio wa picha yake ijulikanayo sana, Sisi Nurse. Neno "sisi" kwa watu wa Lagos ni la kumtaja msichana wa mjini. Basi hiyo ni picha ya msichana muuguzi. Onabolu alifariki mwaka 1963.

Kazi tatu katika kazi moja

Aliporudi, Onabolu alifundisha uchoraji katika shule kadhaa za Lagos. Somo alilolisisitiza kupita yote lilikuwa kanuni za kuonyesha umbali katika picha, ambazo wachoraji huziita pespektivu. Kwa mujibu wa kanuni hizo, kitu kilicho mbali huchorwa kidogo kuliko kilicho karibu, na kingo mbili za barabara iliyonyooka huonekana zikikaribiana kadiri zinavyokwenda mbali. Alilitaja jambo hilo mara nyingi hata wanafunzi wakamtania kwa kumwita jina la somo lenyewe, Bwana Pespektivu.

Mtu aweza kudhani kuwa mchoraji aliyefundisha na kufanya maonyesho aligawanya nguvu zake mara tatu. Sivyo. Mchoraji wa sura hulazimika kumtazama mtu aliyeketi mbele yake kwa saa nyingi na kuuliza: jicho liko wapi? Kivuli cha pua kinaangukia upande gani? Anapofundisha, huwapa wengine maswali hayohayo. Anapoonyesha kazi yake, huwakaribisha watu waulize kama amejibu sawasawa. Kuchora, kufundisha na kuonyesha ni kazi moja ya kutazama, ifanywayo kwanza peke yako, kisha pamoja na wanafunzi, na mwisho mbele ya watu wote.

Ubishi juu ya njia ya kufundisha

Kazi ilikuwa kubwa kuliko mtu mmoja, naye Onabolu akaiomba serikali ya kikoloni ilete mwalimu mwingine wa sanaa. Mwaka 1927 aliletwa Mwingereza, Kenneth Murray. Hapo likatokea jambo la kustaajabisha. Mwafrika alitaka wanafunzi wafundishwe kanuni za uchoraji zilizotoka Ulaya. Mwingereza aliona kuwa kanuni hizo zingewatenga na sanaa ya mababu zao, akawataka wachore maisha ya vijijini kwao na kuthamini ufundi wa jadi.

Yupi alikuwa na haki? Kila mmoja alishika upande mmoja wa ukweli. Murray aliona kuwa mtoto haji shuleni mtupu. Nyumbani kwao kuna uchongaji, ususi na ufinyanzi. Onabolu naye aliona kuwa kumnyima mtoto kanuni kwa kisingizio cha kumhifadhia jadi yake ni namna nyingine ya kumfungia mlango. Mmoja wa wanafunzi wa Murray, Ben Enwonwu, alikuwa miongoni mwa vijana watano ambao kazi zao zilionyeshwa London mwaka 1937. Baadaye naye akawa mchoraji wa sura, mchongaji na mwalimu wa chuo kikuu. Picha zake za binti wa kifalme wa Ife, ziitwazo Tutu, alizichora mwaka 1973 na 1974. Katika picha hizo kanuni na jadi zinakaa pamoja bila ugomvi. Mwalimu wa shule ya msingi naye asichague upande mmoja na kuutupa mwingine.

Kulitumia funzo hili darasani

Utaratibu ufuatao unafaa darasa la nne na la tano, kwa vipindi vinne. Vifaa si vigumu kupatikana: penseli au kipande cha mkaa, na karatasi zilizotumika upande mmoja.

1. Kipindi cha kwanza. Watoto wakae wawiliwawili wakitazamana, kila mmoja amchore mwenzake bila msaada wowote. Waandike majina na tarehe. Mwalimu azihifadhi picha hizo bila kuzisahihisha.

2. Kipindi cha pili. Hapa hakuna kuchora, ni kutazama na kupima. Kila mtoto apime kwa vidole umbali kutoka utosini hadi kwenye macho, kisha kutoka kwenye macho hadi kidevuni. Watashangaa kuona kuwa macho yako katikati ya kichwa, wala si juu. Kisha watazame nafasi iliyo kati ya macho mawili: ni karibu sawa na upana wa jicho moja. Sikio nalo huanzia karibu na usawa wa nyusi na kuishia karibu na usawa wa ncha ya pua. Mwalimu asiyataje hayo kwanza; awaache watoto wayagundue.

3. Kipindi cha tatu. Mwalimu amwite mtoto mmoja akae mbele, naye amchore ubaoni huku darasa likitazama. Asiogope kukosea. Mtoto akimwona mwalimu wake akitazama, akipima, akifuta mstari na kuuchora upya, atajifunza kuwa kufuta si aibu. Kisha watoto wachorane tena.

4. Kipindi cha nne. Picha za kwanza na za pili zitundikwe ukutani zikiwa zimeandamana, kwa kamba na pini. Zitundikwe za watoto wote, si za wale hodari tu.

Mambo ya kuangalia

Mwalimu apige marufuku kucheka sura ya mtu. Mtoto mwenye kovu, jicho bovu au ulemavu mwingine asifanywe kichekesho, wala asichorwe mbele ya darasa ila akiridhia mwenyewe. Aidha, wako wazazi ambao imani ya dini yao haiwaruhusu kuchora viumbe vyenye roho. Mwalimu asishindane nao. Mtoto wao aweza kujifunza kutazama na kupima kwa kuchora nakshi za mlango, mtungi au jani la mwembe, na kazi yake itundikwe pamoja na za wenzake.

Pia alama zisitolewe kwa uzuri wa picha. Alinganishwe mtoto na nafsi yake: picha ya pili imeona nini ambacho ya kwanza haikukiona?

Hitimisho

Baada ya miaka kadhaa mwandishi alilirudia somo lile kwa utaratibu huu, na siku ya wazazi picha zikatundikwa. Mama mmoja alisimama mbele ya karatasi iliyochorwa kwa mkaa, akasema, "Huyu si mwanangu huyu?" Mtoto aliyeichora picha hiyo hakuwa na sifa ya uhodari katika somo lolote. Alikuwa nyuma ya mama huyo, amesikia. Hakuna alama ya daftari iwezayo kumpa mtoto kile alichokipata pale.

Maswali ya kujadili

1. Je, ni vema mwalimu achore mbele ya darasa hata kama hana uhodari wa kuchora? Toa sababu.
2. Linganisha maoni ya Onabolu na ya Murray. Katika eneo unalofanyia mazoezi kuna ufundi gani wa jadi uwezao kuingizwa katika somo la uchoraji?
3. Tayarisha andalio la somo la kufundisha kanuni ya umbali kwa kutumia barabara au safu ya miti iliyo karibu na shule.