Mkebe wa Molo na harusi iliyonusurika

Nilikuwa Molo kwa ajili ya viazi. Mvua ikanifukuza shambani, nikajibanza katika duka la fundi wa kompyuta karibu na steji, na hapo ndipo nilipouona mkebe. Ulikuwa mkebe wa Kimbo, ule mkubwa, umefungwa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli, umekaa rafuni katikati ya chaja na simu zilizovunjika vioo. Nilidhani ni wa sukari. Fundi, mwanamke wa makamo aliyevaa glavu zilizokatwa vidole kwa baridi ya huko, aliushusha kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba mayai. Ndani mlikuwa na sweta la mtoto, jekundu, lililofumwa kwa mkono. Ndani ya sweta, diski.

"Hii si yangu," akaniambia. "Ni ya mama mmoja wa Elburgon. Yangu iko kwake, kabatini, chini ya mashuka."

Siku hiyo sikurudi tena shambani.

Fundi huyu huwafungia watu masanduku ya kuhifadhi picha na filamu za familia. Sanduku lenye diski moja, mbili au zaidi huchomekwa kwenye rauta, kisha kila simu na runinga ya nyumba ile huchota humo bila kula bando. Majina ya madukani yanajulikana: Synology, QNAP, Western Digital.

Wateja wengi huingia wakiuliza ukubwa. Ni terabaiti ngapi? Yeye huwajibu kwa swali: runinga yako inasoma nini?

"Runinga ikiielewa video jinsi ilivyo, sanduku linapitisha tu, kama mtu anayepokeza sahani," alisema. "Isipoielewa, sanduku linatafsiri huku nyinyi mnatazama. Likiwa na prosesa dhaifu, bwana harusi anakwama mlangoni mwa kanisa."

Simu nyingi za siku hizi hurekodi kwa mfumo wa H.265, na runinga nyingi kuukuu haziujui. Kwa hiyo kabla ya kupokea hata shilingi, yeye hutia video ya simu ya mteja kwenye flashi na kumtuma akaijaribu nyumbani. Ikicheza vizuri, sanduku la bei nafuu linatosha. Kutoka kwenye rauta hadi kwenye runinga hupitisha waya, maana kuta za mawe humeza Wi-Fi.

Kuhusu diski ni mkali. Kuna zile ambazo mistari yake ya data hupandana kama mabati ya paa ili zibebe vitu vingi. Mwaka 2020 Western Digital ilikiri kwamba baadhi ya diski zake za Red, zilizouzwa kwa ajili ya masanduku haya haya, zilitengenezwa hivyo bila wanunuzi kuelezwa. Diski ya aina hiyo hulemewa vibaya pale moja inapokufa na nyingine ikalazimika kujazwa upya. Fundi husoma namba ya kila diski kabla ya kulipa.

Stima je? Sanduku la diski mbili likila wati 20 usiku na mchana, ni karibu yuniti 14 kwa mwezi. Kinachomtisha yeye ni stima kupotea ghafla, diski ikiwa katikati ya kuandika. Hamfungii mtu sanduku bila betri ya akiba inayoweza kuliamuru lijizime lenyewe kwa utaratibu.

Nikamuuliza: kama sanduku lina diski mbili zinazoandika kitu kimoja, mkebe wa nini?

Akanyamaza kidogo. "Hao ni mapacha wanaokula sufuria moja," akasema. "Sumu ikiingia, wote wanakufa. Mtoto akifuta picha, imefutika kote kuwili. Nyumba ikiungua, imeungua na mapacha wote." Januari 2022 wahalifu walifunga maelfu ya masanduku ya QNAP yaliyokuwa wazi kwenye intaneti, wakadai fidia. Mapacha hawakumwokoa mtu.

Kisha akanisimulia habari za mama wa Elburgon. Katika ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, mama huyo alitoka usiku na watoto na blanketi moja. Albamu zote ziliteketea pamoja na nyumba. Kilichosalia ni mkanda wa VHS wa harusi yake, kwa sababu dada yake wa Nakuru alikuwa ameuazima na kwa miaka mingi hakuurudisha, jambo lililokuwa limewagombanisha.

Mkanda ulifika dukani una kuvu nyeupe ukingoni. Fundi aliufungua kwa bisibisi, akaupangusa taratibu kwa pamba na spiriti, akauzungusha kwa kidole. Mkanda wa saa tatu huchukua saa tatu kunakili, hauharakishwi. Mara mbili stima ilipotea, akaanza upya. Mama alikaa kwenye kigoda muda wote huo. Marehemu babake alipotokea akicheza, aliomba sauti iongezwe.

Ni mama huyo aliyependekeza wabadilishane diski. Kila mwezi mikebe hupanda matatu, inajazwa mapya, inarudi. Kila diski imefungwa kwa neno la siri, mwenye kuitunza asiweze kuichungulia.

Na neno la siri likifa na mwenyewe? Fundi alitikisa kichwa. Na wale wa Molo ambao hawakuwa na dada wa kuazima mkanda, wao watatia nini kwenye sanduku? Hilo hakulijibu, nami sikurudia kuuliza.

Baada ya kunakiliwa, mama aliupeleka mkanda wenyewe Nakuru, akamrudishia dada yake auweke.