Pima nguo ingali China: namna ya kucheki komande kabla haijapanda ndege



Kila mara mtu anapotaka kufanya komande ya nguo China, swali linakuwa lile lile: "Kaka, komisyonere gani ni wa kuaminika?" Ni swali zuri, lakini si la kwanza. Hata komisyonere mwaminifu atakuletea nguo mbaya kama hakuna mtu aliyeipima. Swali la kwanza ni hili: nguo itapimwa wapi, na nani, na kwa kitu gani?

Mimi nilisoma agronomia. Wengine watacheka: mtu wa mihogo na mpunga anajua nini juu ya triko? Lakini kazi ya mbegu ilitufundisha jambo moja: huwezi kujua gunia la mpunga kwa kutazama juu tu. Unatia mkono juu, katikati na chini, unachukua mbegu, unahesabu, unaotesha, kiisha njo unasema. Nguo ni vile vile.

Mlango wa kurudisha uko wapi?

Unachagua triko kwenye Taobao ao 1688. Komisyonere analipa, duka linatuma mpaka depo yake, mara nyingi Guangzhou. Pale anakusanya koli za watu wengi, anapima kilo, kiisha zinapanda ndege. Tangu uwanja wa Goma ulipofungwa mwezi wa kwanza 2025, njia yetu imekuwa ndefu zaidi. Koli ikifika Kindu, usafiri wa kuirudisha utapita bei ya triko yenyewe. Kwa hiyo mlango wa kurudisha uko kule depo, na unafungwa haraka.

Sheria ya China ya kulinda wanunuzi, vile ilivyorekebishwa na kuanza kazi tarehe 15 mwezi wa 3 mwaka 2014, inampa aliyenunua kwa intaneti siku 7 za kurudisha bila kutoa sababu. Zinahesabiwa toka siku nguo ilipopokelewa. Anayepokea ni komisyonere, si wewe! Ukikaa siku 10 bila kuomba picha, siku zako zimekwisha wakati nguo ingali kwenye rafu. Tena haki hiyo haihusu kitu kilichotengenezwa kwa agizo lako: polo iliyochapwa jina la promosyo hairudi kwa sababu tu haikukupendeza. Na kwa duka za jumla kama 1688, uliza masharti mbele ya kulipa.

Angalia saa pia. China iko mbele yetu kwa saa 6: Kindu saa tano asubuhi, kule ni saa kumi na moja jioni. Andika asubuhi mapema.

Omba namba, si picha nzuri

Picha ya duka ina taa na kijana mwenye kifua. Haikusaidii. Wewe omba vitu vinne.

1. *Metre ya fundi.* Nguo ilazwe mezani, metre juu yake: upana chini ya kwapa, urefu toka bega mpaka chini. Wewe huku laza juu ya kitanda triko inayokukaa vizuri, uipime vile vile, ulinganishe. Usiamini herufi L peke yake. Lebo ya China inaandika kama 175/92A: mtu wa urefu wa sentimeta 175, kifua sentimeta 92. Ni vipimo vya mwili, si vya nguo.

2. *Mizani.* Uzito wa kitambaa unasemwa kwa gramu kwa mita moja ya mraba. Triko ya 150 ni nyepesi, 180 mpaka 200 ni ya kati, kupita 220 ni nzito. Tuchukue triko ya urefu wa sentimeta 70 na upana 55. Mbele na nyuma ni karibu mita za mraba 0.77, mikono inaongeza kama 0.16. Jumla 0.93. Kama duka linasema gramu 180, triko inapaswa kuwa na gramu kama 167. Mizani ikionyesha 120, kitambaa ni kama 129 tu. Hapo hakuna haja ya kubishana, namba zimesema.

3. *Lebo ya ndani.* Tafuta alama 棉: ni pamba. 聚酯纤维 ni poliesta. Soma asilimia iliyo pembeni. Poliesta si kitu kibaya, kwa jezi ya mpira ni nzuri, inakauka upesi. Ubaya ni kulipa bei ya pamba na kupata poliesta mu joto letu hili. Angalia pia namba GB 18401: daraja A ni la nguo za mtoto mchanga, B ni la nguo inayogusa ngozi, C ni la nguo isiyogusa ngozi moja kwa moja. Triko yenye C, iache.

4. *Mshono na rangi.* Nguo igeuzwe ndani nje, picha ya karibu ya kwapa, bega na shingo. Kiisha wasugue kitambaa cheupe chenye maji kidogo juu yake mara 10. Kama cheupe kimechukua rangi, shimizi yako nyeupe itachukua pia siku ya kufua.

Makomisyonere wengine wanaomba kitu kidogo kwa picha hizi. Lipa.

Komande ya watu 40

Hapa njo pana hatari kubwa. CP anakusanya makuta ya watu 40 kwa polo za siku ya kolasio. Kindu watu wanajuana, toka Kasuku mpaka Mikelenge. Polo zikifika mbovu, hakuna atakayelaumu duka la Guangzhou. Watasema CP amekula makuta.

Tufanye hesabu ya gunia. Tuseme kati ya polo 40, nne ni mbovu. Komisyonere akifungua moja tu, kuko nafasi 9 kati ya 10 kwamba ubovu hautaonekana. Akifungua 9 bila kuchagua, tatu za juu, tatu za katikati, tatu za chini, nafasi hiyo inashuka mpaka karibu 1 kati ya 3. Bado si sifuri. Njo maana ikionekana mbovu moja kati ya 9, omba zote 40 zifunguliwe.

Kama muda unaruhusu, leta kwanza polo moja. Chomoa nyuzi chache ndani ya mshono, uzishike kwa kibanio juu ya sahani ya bati, uziwashe. Pamba inanuka karatasi iliyoungua na kuacha majivu laini. Poliesta inajikunja, inayeyuka, inaacha punje nyeusi ngumu. Mchanganyiko unaonyesha vyote viwili. Na komande kubwa iagize bila maandishi, uchapishe huku: polo tupu bado inaweza kurudishwa, yenye jina lenu ni yenu.

Ujumbe wa kutuma ni huu, unakili ubadilishe:

"Habari boss. Nguo zikifika depo, nijulishe siku ile ile. Mbele ya kufunga koli naomba: picha ya vipimo na metre, picha ya mizani, picha ya lebo ya ndani, picha ya mshono ndani nje, na jaribio la rangi. Fungua 9: tatu juu, tatu katikati, tatu chini. Usisafirishe mpaka niseme ndiyo."

Mtumie huo mbele ya kulipa, si kiisha. Majibu yakija, yaweke mu grupu, kila aliyechanga ayaone.