Simu ya jamaa wa mjini ikinyamaza: sonona Nairobi wakati wa korona

Kisa cha kwanza cha korona nchini Kenya kilitangazwa Machi 13, 2020. Siku mbili baadaye, serikali iliagiza shule zifungwe. Kuanzia Machi 27 kukawa na kafyu, kutoka saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Aprili 6 likaja agizo la kufunga njia za kuingia na kutoka Nairobi, nalo halikuondolewa hadi Julai 7.

Huku mashambani, wengi walishangaa. Kijana aliyekuwa akipiga simu kila Jumapili sasa hapigi. Pesa za matumizi zimekatika. Wengine walisema, "Mji umemmeza, ametusahau." Lakini mara nyingine kimya kile hakikuwa dharau. Kilikuwa ugonjwa.

Kwa nini mjini?

Mkazi wa mjini hana shamba nyuma ya nyumba. Kodi ya nyumba, maji na unga vyote ni pesa. Baa zilipofungwa na wauza chakula cha jioni wakalazimika kurudi nyumbani kabla ya kafyu, anayeishi kwa kibarua cha siku alikosa pesa siku hiyo hiyo. Familia nzima ilishinda katika chumba kimoja, watoto wakiwa hawana shule. Na aliyefiwa kijijini hakuweza kusafiri kwenda kuzika.

Pesa zikikosekana, simu yenyewe huwa mzigo. Mtu huona haya kupiga akiwa hana cha kutuma. Hivyo hujitenga na watu ambao wangemfariji.

Hali hii haikuwa ya Nairobi pekee. Machi 2022, Shirika la Afya Duniani, WHO, lilisema kwamba katika mwaka wa kwanza wa janga hilo wasiwasi na sonona viliongezeka duniani kwa asilimia 25. Vijana na wanawake waliathirika zaidi.

Sonona ni nini?

Kila mtu huhuzunika, kisha huzuni hupungua. Sonona, ambayo wengine huiita unyogovu, ni huzuni au kukosa hamu ya mambo yote kunakodumu karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi. Mgonjwa hukosa usingizi au hulala kupita kiasi. Chakula hakimwingii, au anakula kupita kawaida yake. Huchoka bila kazi, hujilaumu na kujiona hana faida. Wengine, hasa wanaume, huwa wakali au huzidisha pombe.

Huu si uvivu wala si laana. Ni ugonjwa, na una tiba. Wapo wanaopona kwa mazungumzo na mshauri aliyefunzwa, na wapo wanaohitaji dawa pia. Dawa hizo huchukua wiki kadhaa kuonyesha nguvu, kwa hiyo mgonjwa asiziache bila kuongea na daktari.

Wewe uliye mbali ufanye nini?

Mpigie wewe, usisubiri akupigie. Usianze na habari za pesa. Muulize, "Unalala vizuri? Unakula? Siku zako zinaendaje?" Kisha nyamaza umsikilize. Maneno kama "jikaze" au "wenzako wana shida kuliko wewe" humfunga mdomo.

Sikiliza sana akisema amechoka kuishi, au kwamba ninyi mngekuwa afadhali bila yeye. Muulize wazi kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumpi wazo hilo. Humpa nafasi ya kusema. Akikubali, asiachwe peke yake. Mtafute jirani au rafiki aliye karibu naye amfikie mara moja, aweke mbali sumu, dawa na kamba, kisha ampeleke hospitalini. Nchini Kenya, namba 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu hupigwa bila malipo.

Kafyu iliondolewa Oktoba 20, 2021. Hata hivyo, kazi zilizopotea hazikurudi zote, na madeni ya wakati ule wengine waliendelea kuyalipa. Basi, msikilizaji, ikiwa kuna ndugu mjini ambaye hujaisikia sauti yake kwa muda mrefu, mtafute leo. Mwambie kwamba hata akirudi mikono mitupu, nyumbani bado ni kwao.