Kusini mwa Marekani: Nchi ya Pamba na Vita vya Utumwa

Ukivuka mto Potomac kutoka Washington, mji mkuu wa Marekani, unaingia Virginia, na hapo ndipo inapoanza sehemu ya nchi inayoitwa Kusini. Sehemu hiyo inashuka hadi Florida na kutanda magharibi hadi Texas. Kati ya mwaka 1860 na 1861 majimbo 11 ya huko yalijitenga, yakaandika katiba yao na kumweka Jefferson Davis kuwa rais. Nchi yao ilidumu miaka minne. Vita vya kuirudisha katika muungano viliua watu kati ya 620,000 na 750,000 kwa makadirio ya wanahistoria, na hakuna vita vingine vilivyoua Wamarekani wengi kiasi hicho. Anayetaka kuielewa Marekani ya leo, siasa zake na machungu yake, hana budi kuanzia hapa.

Ardhi na pamba

Kusini ni nchi ya joto, mvua na mito mipana. Virginia ililima tumbaku, visiwa na mabonde ya pwani ya South Carolina na Georgia yalitoa mpunga, Louisiana ikapanda miwa. Lakini zao lililokuja kutawala yote ni pamba. Pamba ya bara hushikana sana na mbegu zake, na kuchambua ratili moja kwa vidole ilikuwa karibu kazi ya siku nzima. Mwaka 1793 Eli Whitney alitengeneza mashine ya kuzungusha kwa mkono iliyoweza kuchambua ratili 50 kwa siku. Tangu hapo kila mwenye ardhi alitaka kupanda pamba, na waliolima na kuvuna walikuwa watumwa.

Kufikia mwaka 1860 watumwa walikuwa karibu milioni 4 katika nchi yenye watu milioni 31. Katika South Carolina na Mississippi walikuwa wengi kuliko watu huru. Kuingiza watumwa kutoka Afrika kulipigwa marufuku mwaka 1808, lakini biashara ya ndani ilishamiri. Watu wapatao milioni moja waliuzwa au kuhamishwa kutoka Virginia na majimbo jirani kwenda kwenye mashamba mapya ya Alabama, Mississippi na Louisiana: mume huku, mke kule, mtoto kwa bwana mwingine. Shambani, mvunaji aliingia alfajiri na gunia shingoni. Jioni kapu lake lilipimwa kwenye mizani mbele ya mnyapara, na aliyepungukiwa na kipimo chake alichapwa viboko.

Faida haikubaki Kusini. Ililisha viwanda vya nguo vya Massachusetts, mabenki ya New York na viwanda vya Uingereza, ikafika hadi kwetu. Ile merikani, kitambaa kigumu cha pamba kilicholetwa Zanzibar na wafanyabiashara wa Salem, ilibebwa na misafara hadi Tabora na Ujiji, na merikebu zikarudi na pembe za ndovu na sandarusi. Pamba iliyochumwa na mtumwa wa Mississippi ilinunua pembe zilizobebwa na wapagazi wa bara letu. Vita vilipoanza merikani iliadimika, na nguo za Uingereza na India zikapata soko lake.

Kilichowafikisha vitani

Mwanzoni ugomvi mkubwa wa kisiasa ulihusu nchi mpya za magharibi: je, utumwa uruhusiwe kuingia huko? Kusini iliona kwamba kila jimbo jipya lisilo na utumwa lingepunguza nguvu zake bungeni. Mwaka 1820 pande mbili zilikubaliana kuweka mpaka. Mwaka 1854 Bunge liliuvunja, na Kansas ikaingia umwagaji damu. Mwaka 1857 Mahakama Kuu iliamua katika kesi ya mtumwa Dred Scott kwamba mtu mweusi hawezi kuwa raia wa Marekani. Miaka miwili baadaye John Brown, mpinga utumwa, alivamia ghala la silaha la Harpers Ferry akitaka kuwasha uasi wa watumwa, akanyongwa.

Wapo wanaosema hadi leo kwamba Kusini ilipigania tu haki ya majimbo kujiamulia mambo yao. Kumbukumbu zinawakanusha. Sheria ya mwaka 1850, iliyopitishwa kwa shinikizo la Kusini, iliilazimisha Serikali Kuu kuwakamata watoro hata ndani ya majimbo yaliyokwisha kukataa utumwa. Haki za majimbo hayo hazikuheshimiwa. Na Mississippi, ilipotoa tamko la kujitenga, ilitaja utumwa waziwazi kuwa ndiyo sababu. Abraham Lincoln, aliyechaguliwa Novemba 1860, aliahidi kuuzuia utumwa usienee, si kuufuta ulipokuwapo. Hata hilo halikuvumilika. South Carolina ilijitoa Desemba mwaka huo, na tarehe 12 Aprili 1861 mizinga ya Kusini ikafyatuliwa dhidi ya ngome ya Sumter, katika bandari ya Charleston.

Watoro waliobadili vita

Wiki chache baadaye, usiku, watumwa watatu, Frank Baker, Shepard Mallory na James Townsend, walivuka maji kwa mashua hadi ngome ya Monroe, Virginia, iliyokuwa mikononi mwa jeshi la Kaskazini. Bwana wao, kanali wa Kusini, alikuwa akiwatumia kujenga ngome ya mizinga. Siku iliyofuata ofisa wake alikuja na bendera nyeupe kuwadai kwa sheria ya watoro. Jenerali Benjamin Butler alimjibu kwamba Virginia imejitangaza kuwa nchi ya kigeni, hivyo sheria ya Marekani haiihusu tena, naye anawashika watu hao kama mali ya adui iliyotekwa vitani. Lilikuwa neno la kuudhi kwa binadamu, lakini lilifungua mlango. Maelfu walifuata, wanawake na watoto wao. Ngome hiyo iko Point Comfort, mahali pale pale ambapo mwaka 1619 waliteremshwa Waafrika wa kwanza walioletwa Virginia.

Watoro hao waliilazimisha serikali kuamua. Tarehe 1 Januari 1863 Lincoln alitangaza kuwa watumwa wote wa maeneo ya waasi ni huru, akaruhusu weusi kuandikishwa jeshini. Askari weusi wapatao 180,000 walipigana, kwa muda mrefu wakilipwa pungufu ya wenzao weupe. Jenerali wa Kusini, Robert E. Lee, alijisalimisha Appomattox tarehe 9 Aprili 1865. Siku chache baadaye Lincoln aliuawa. Desemba mwaka huo katiba ikapiga marufuku utumwa nchi nzima, isipokuwa kama adhabu ya kosa la jinai.

Uhuru bila ardhi

Januari 1865, vita vikielekea ukingoni, Jenerali Sherman wa Kaskazini alikutana mjini Savannah na viongozi 20 wa makanisa ya weusi. Msemaji wao, mchungaji Garrison Frazier, mzee wa miaka 67 aliyejinunua kutoka utumwani, aliulizwa watu wake watajitunzaje. Jibu lake: wapewe ardhi, waigeuze kwa jasho lao. Siku nne baadaye Sherman alitenga pwani kuanzia Charleston hadi kaskazini ya Florida, kila familia ipate hadi ekari 40. Watu wapatao 40,000 walikaa humo wakalima. Kabla mwaka haujaisha Rais mpya Andrew Johnson aliwarudishia ardhi mabwana wa zamani. Serikali iliyowakomboa iliwanyooshea mkono mtupu, na mkono mtupu haulambwi.

Kwa miaka michache siasa ilileta matumaini. Weusi walipiga kura, walifungua shule, na mwaka 1870 Hiram Revels wa Mississippi aliingia Seneti. Ku Klux Klan na makundi mengine ya wazungu yakajibu kwa kuua, na mwaka 1877 serikali ikaacha kuwalinda. Wengi walibaki kulima mashamba ya watu kwa kugawana mavuno, daftari la deni likiwa mkononi mwa mwenye shamba. Ile nafasi iliyoachwa katika katiba nayo ilitumika: mtu alikamatwa kwa uzururaji, akafungwa, akakodishwa mashambani na migodini. Ubaguzi ukawa sheria hadi miaka ya 1960. Watu wapatao milioni 6 waliikimbia Kusini kwenda Chicago, Detroit na New York, na mjini Montgomery leo kuna mnara wa kumbukumbu ya zaidi ya watu 4,400 waliouawa na makundi ya wazungu.

Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki hatuitazami habari hii kwa mbali. Mwaka 1862, utumwa ulipofutwa mjini Washington, fidia ilikwenda kwa mabwana. Mwaka 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed alipotia saini amri ya kuufuta Unguja na Pemba, fidia ilikwenda vilevile kwa mabwana, na wengi walioachwa huru walibaki kwenye mashamba ya karafuu yasiyo yao, wakilipia makazi kwa kazi. Historia hufundishwa kwa tarehe za amri na majina ya waliozitia saini. Watoto wetu wafundishwe pia kuuliza swali la pili: siku ya uhuru ilipokucha, ardhi ilikuwa ya nani?